Masikio Kwanza

Mwalimu alipiga simu saa nne asubuhi,
mikono yangu ikiwa na unga hadi kiwikoni.
Mwanangu Tornike, miaka saba, meno mawili pungufu,
amechana daftari la binamu yake Nutsa
akalirusha dirishani kipande kwa kipande,
mto Rioni ukalibeba.
"Zungumza naye," mwalimu akasema.

Nizungumze nini?
Baba yangu hakuzungumza.
Mkono uliobandika mkate ukutani mwa tanuri
ndio uliobandika kofi shavuni mwangu,
na sote wawili, mkate na mimi, tukaiva.

Kesho yake nilimwamsha saa kumi alfajiri.
Kutaisi imelala, theluji imegoma kuyeyuka juu ya mapaa.
Nikampa kigoda. Sikumhubiria.
Nilimwonyesha tanuri tu:
kisima cha udongo, moto chini kabisa.
"Tazama ukuta. Ukiwasha moto, unajaa masizi, mweusi ti.
Halafu, polepole, unaanza kuwa mweupe.
Asiyetazama husema mkate umeungua ghafla.
Hakuna ghafla hapa."

Akachezea donge la unga.
Nikamuuliza nikiwa nimempa mgongo
(mtoto hujibu vizuri asipokodolewa macho):
"Ukuta wako wewe huanza kugeuka wapi?"

Kimya. Kuni zikapasuka mara mbili tatu.
"Masikio," akasema.
"Masikio kwanza, yanapata moto.
Halafu vidole vya miguu vinajikunja ndani ya viatu.
Halafu sijui.
Halafu nasikia karatasi inachanika."

"Nutsa alifanya nini?"
"Alicheka nilipokwama kusoma.
Neno lilikuwa refu, Baba."

Naamini lilikuwa refu.
Lugha yetu ina maneno ambayo konsonanti zake zimebanana
mpaka ulimi haupati pa kupitia.

Nikamwambia yangu huanza shingoni.
"Najua," akasema, bila kuinua kichwa.
"Siku ile ya mwuza unga, shingo yako ilivimba kama bomba."
Kumbe miaka yote hii
mtoto amekuwa akiutazama ukuta wangu.

Sikumwambia asikasirike.
Mkate usio na hamira ni kigae,
na aliyechekwa mbele ya darasa zima
ana haki ya kufura kidogo.
Nilimsogezea bakuli la maji ya chumvi,
haya tunayonyunyizia ukutani joto likizidi.
Akachovya, akarusha. Shhh.
"Umezima?"
"Hapana. Umepunguza. Sasa mkate una nafasi."
Akarusha tena, na tena, mpaka nikamnyang'anya bakuli.

"Maji yako wewe yatakuwa nini?"
Akafikiri. "Kutoka nje."
"Basi toka."
"Mwalimu akikataa?"
"Mwalimu niachie mimi."

Wiki ikapita, nikadhani amesahau.
Shule iko hatua mia mbili kutoka hapa.
Alhamisi, foleni imefika barabarani,
mlango ukasukumwa: Tornike, bila koti,
anahema, masikio mekundu kama komamanga.
"Baba," akasema. "Masikio."
Hilo tu.

Nikaiangusha ndoano.
Tukaketi sakafuni, kwenye unga, bega kwa bega.
Sikuuliza nani, sikuuliza kwa nini.
Nilitazama masikio yakififia,
la kushoto kwanza, la kulia likakaidi.
Nyuma yetu mkate ukabanduka ukutani
ukaangukia majivuni.

Mama Lamara, wa kwanza kwenye foleni,
akachungulia ndani ya tanuri, akatikisa kichwa.
"Hasira hasara," akasema.
Kweli, mama. Hasara nimeipigia hesabu:
mkate mmoja.
Na hata huo Tornike aliuopoa kwa ndoano,
akaupangusa majivu kwenye suruali,
akarudi shuleni akiutafuna.